Mgongo wa Mkwe

Harufu ya mkaratusi ilinikamata chini kabisa ya nyumba yetu ya Buffalo, huku Marekani, mbele ya mashine ya kufulia. Nilikuwa nimeinama natoa nguo za mazoezi za mkwe wangu, Baba Neema, nizikunje niziweke kwenye mfuko wa kupeleka kanisani wagawiwe wengine. Binti yangu Adela ndiye aliyeniagiza hivyo kabla hajaenda kazini. Alisema nguo hizo hazina kazi tena, mwenyewe ameacha kazi ya mpira. Jumatatu angeanza kiwandani Tonawanda, zamu ya asubuhi, pamoja na vijana wetu wa kanisani. Chuo kimoja cha mbali, kusini huko, kilikuwa kimempigia simu kikimtaka akafundishe mpira, na kilikuwa kinangoja jibu. Yeye alikuwa ameshaamua. Angewajibu kwamba hataki.

Nguo zilikuwa zimefuliwa, lakini ile dawa ya kuchua wanayojipaka watu wa mpira haikubali sabuni. Nikaileta fulana puani, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Sikumwona Baba Neema. Nilimwona baba yangu mzazi, ambaye nilimzika zamani.

Lakini nianze na huyu mkwe, maana asiyemjua hatanielewa.

Baba Neema ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Louisville, upande ule wa South End ambako sisi tulipelekwa tulipotoka kambini. Mimi nilikuwa nafunga mizigo ghalani. Adela alikuwa anapakulia wanafunzi chakula kwenye chuo kimoja, na huko ndiko walikoonana. Kazi ya mwenzake ni ukocha, ila si yule kocha mnayemwona kwenye televisheni akipiga kelele. Katika mpira wao wa Kimarekani kuna vijana watano, wakubwa, wazito, wanaosimama mbele ya yule anayerusha mpira. Kazi yao ni kuzuia adui asimfikie. Mpira wenyewe hawaushiki. Majina yao hayatajwi ila wakikosea. Hao watano ndio wanafunzi wa Baba Neema, na somo lao ni miguu. Mguu huu kwanza, huu baadaye, kiuno chini, bega lisiachane na bega la mwenzako. Mtu anasomea hilo miaka minne na bado anakosea.

Louisville alikuwa msaidizi wa wasaidizi, mbeba vifaa hasa. Kocha mkuu mmoja akamwona anavyojua kazi, akamchukua mji wa Columbus, akampa wale watano awe nao peke yake. Sasa kazi hiyo ina sheria moja ngumu kama jiwe. Kocha mkuu akiondolewa, wasaidizi wote wanaondoka naye, hata yule ambaye watu wake hawakukosea. Columbus timu ilishindwashindwa, mkuu akaondolewa, sisi tukafunga sufuria. Buffalo ikawa hivyo hivyo. Tulikuja, tukazoea theluji, tukazoea maduka ya Grant Street ambako unapata muhogo na dagaa bila kumweleza mtu, Neema akaanza shule. Halafu msimu mmoja ukawa mbaya. Mkuu akaondolewa. Baba Neema aliingia ofisini asubuhi na ufunguo, akarudi mchana na boksi.

Adela alisema, "Mama, mimi nimezaliwa kambini, nimehamishwa kambi, nimehamishwa nchi. Nataka mwanangu amalize shule moja." Baba Neema naye akasema basi, kazi ya kuburuta familia kutoka mji hadi mji si kazi, ataacha. Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Tangu siku hiyo akawa anakaa jikoni kama mgeni aliyefika siku isiyo yake.

Mimi maneno yake hayo niliyasikia kutoka chumba cha pili, kwa sababu mimi na Baba Neema hatukuwa tunazungumza. Wenzangu wa rika langu, mliolelewa na Warundi, mnajua. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani machoni, hawakai meza moja, hawaitani kwa jina. Hiyo ndiyo heshima. Miaka yote hiyo yeye akiingia sebuleni mimi natoka. Ninamjua kwa viatu vyake, ambavyo vikiwa mlangoni watu wengine hawana pa kuweka vyao, na kwa nguo ninazomfulia. Nikiwa na neno, nilipitishia kwa mtoto. Nasema, "Neema, mwambie baba yako chakula kiko tayari," na baba mwenyewe amesimama pale pale anajikuna kichwa. Neema alikuwa ananijibu kwa Kiingereza chake kwamba baba si kiziwi. Namwambia sikukuuliza kama ni kiziwi, nimekutuma.

Sasa nije kwa baba yangu.

Tulikaa kwenye makazi ya wakimbizi, mkoa wa Tabora, sisi tuliokimbia Burundi. Barabara zilikatwa porini zikapewa namba, na kila barabara ilikuwa na machela yake, ambayo kwa Kirundi tunaiita ingobyi. Ilikuwa kitanda cha kamba za magome, na miti miwili mirefu ya kuweka begani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Wakati wa kiangazi mto ule ni mchanga tu, watoto tunacheza humo. Masika ikija, unageuka kitu kingine kabisa, una sauti usiku kucha.

Baba yangu, Petero, alikuwa mkubwa wa wabebaji wa barabara yetu. Lakini mimi sikuwahi kumwona amebeba. Wenzake wanabeba, yeye anatembea nyuma yao ameinamisha kichwa, anatazama miguu yao. "Wewe mrefu, kunja goti. Yohana, unakimbilia wapi, kuna harusi?" Mgonjwa analia humo ndani, yeye hamtazami. Akifika zahanati anageuza. Mgonjwa akipona, kuku wa shukrani alipelekewa mganga. Wabebaji walirudi kwetu mabega yamevimba, na mama anachemsha majani ya mkaratusi, anawachua kwa mafuta ya mawese. Nyumba nzima inanuka hivyo mpaka uji. Mimi niliona baba yangu ana kazi ya ajabu, ya kukemea miguu ya watu, na sikuona anafaa nini.

Mwaka huo akaletwa Bibi, mama yake mama, kuja kukaa kwetu kwa sababu macho yalikuwa yanakwenda. Bibi alikuwa mchekeshaji. Aliniimbia, alinisuka, alinipa maganda ya viazi vitamu ya kutafuna. Lakini tangu aingie, baba alibadilika. Akitokea uani, Bibi anageukia ukutani. Wakikutana njiani, baba anaacha njia, anaingia kwenye majani kama mwizi, anampa mgongo mpaka mzee apite. Chakula alikula nje, nyuma ya jiko, hata mvua ikinyesha. Sikumsikia akimsalimia siku hata moja.

Hakuna aliyenieleza. Watoto wa zamani hatukuelezwa vitu, tulichapwa mpaka tukavielewa. Nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele, na kwa akili hiyo yenye mapengo nikaamua kwamba baba anamchukia Bibi, na siku moja atamfanyia kitu kibaya. Basi nikawa mlinzi. Nikachukua mchi wa kinu, nikawa nalala nao mlangoni pa Bibi. Mama alipojikwaa juu yangu akauliza nafanya nini. Nikamwambia namlinda Bibi na Baba. Mama alinipiga kofi moja, akauchukua mchi, akasema maswali ya wakubwa niwaachie wakubwa. Kesho yake nikachukua mwiko.

Nilimwuliza Bibi mwenyewe kwa nini Baba hamsalimii. Akacheka mpaka akakohoa. "Ananisalimia kila siku," alisema. "Wewe ndiye huoni, na mimi ndiye ninayeitwa kipofu."

Masika ikaja, Bibi akashikwa na tumbo la kuhara damu. Ndani ya muda mfupi akawa hawezi kuinua kikombe. Wabebaji wakaja asubuhi na machela. Yohana, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akamwambia baba, "Petero, leo kaa nyumbani. Mtu hambebi mama mkwe wake. Ukimgusa tutakuja kukufanyia kesi."

Baba akajibu, "Sitamgusa. Nitatazama miguu yenu, maana nawajua."

Wanawake wakamfunika Bibi kitenge kutoka kichwani, ili yeye na mkwewe wasionane njiani. Mimi nilidhani wamemfunika kwa sababu ameshakufa. Nikafuata nyuma, mwiko mkononi, na hakuna aliyepata nafasi ya kunifukuza. Sikuwa nafuata kumwona Bibi akitibiwa. Nilikuwa nafuata kumwangalia baba, nijue atamwangushia wapi.

Tulipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa. Maji mekundu, yanakuja na matawi. Wabebaji wakasimama. Yohana hakuwa na utani tena, akasema turudi, kesho huenda yatapungua. Mama akakaa chini kwenye matope, akashika mguu wa Bibi uliotokeza kwenye kitenge. Kila mtu alijua kwamba Bibi hana kesho.

Baba aliyatazama yale maji kwa muda. Halafu akaanza kuwapanga watu. Wale wepesi wanne akawapa machela. Wale wazito wanne, Yohana mwenye tumbo akiwa mmoja wao, akawavua viatu akawaingiza mtoni kwanza, na yeye katikati yao, wa tano. Hawakuvuka moja kwa moja. Walisimama upande ambao maji yanatokea, mstari mmoja, bega kwa bega, miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, vifua vikiwa vimeelekea maji. Maji yakawapiga, yakapanda mpaka shingoni, na nyuma ya migongo yao pakawa na mahali palipotulia kidogo, upana wa machela tu. Waliposogea hatua, nafasi ile ilisogea nao. Na machela ikapita humo, nyuma yao, inayumba.

Nilimsikia baba, na sauti yake haikuwa ya juu. "Msigeuke. Atakayegeuka kumtazama ndiye atakayemzamisha."

Likaja tawi, kubwa, linazunguka. Niliona linavyomjia yeye. Aliweza kukwepa, mahali pa kukwepea palikuwepo. Hakukwepa. Lilimpiga hapa, kwenye mfupa wa bega, na kichwa chake kikarudi nyuma, lakini miguu haikuondoka. Mimi ng'ambo hii nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa namwambia, "Baba, mtazame! Mtazame, anaanguka!" Maana machela ilikuwa imeinama, mbebaji mmoja ameteleza. Watu wote kwenye ukingo walikuwa wanaitazama machela. Baba peke yake ndiye aliyempa Bibi mgongo, na maji akayapa kifua. Yule mbebaji akapata mchanga chini ya mguu, akainuka, wakatoka.

Mpaka aliposikia wameshapanda ukingoni ndipo alipotoka majini. Na hata hapo hakuinua macho. Akapita mbali, akaingia kwenye majani, mkono mmoja umening'inia.

Bibi aliishi. Aliishi miaka mingi, mpaka akatuchosha kwa nyimbo. Lile bega la baba halikunyooka tena, na mama aliendelea kulichua kwa mkaratusi mpaka uzeeni kwake. Wawili wale hawakuwahi kutazamana. Mimi nikaurudisha mwiko jikoni.

Sikuelewa yote siku ile, nisiwadanganye. Mtoto anaelewa kwa vipande. Kipande kikubwa nilikipata Columbus, siku Adela alipoturuhusu mimi na Neema tuingie uwanjani. Baridi, makelele, watu wamejipaka rangi. Wote wanautazama mpira. Mimi mpira siujui unakokwenda, nikabaki natazama wale watano wa Baba Neema. Wameinama bega kwa bega, wamempa mgongo yule kijana wanayemlinda, adui wanawajia kama maji. Hawageuki. Kijana anarusha, uwanja mzima unasimama kushangilia, na wao hawajaona kitu, wameusikia ushangiliaji tu. Nikasema moyoni, kazi hii naijua. Nimeiona ikifanywa na mtu aliyenizaa. Lakini sikumwambia mkwe wangu. Ningemwambia vipi, na njia yangu ya kumfikia ilikuwa mtoto ambaye hata shule hajaanza?

Basi siku ile ya kufua, nikapanda ngazi na ile fulana mkononi. Neema yuko shuleni. Adela yuko zamu kule anakotunza wazee. Jikoni yuko Baba Neema peke yake, na mimi sina wa kumtuma.

Aliponiona mlangoni akainuka atoke, maana naye alikuwa ameshajifunza kwamba mahali pamoja hatukai. Nikamwambia, "Kaa."

Akakaa. Nikavuta kiti cha mbele yake, nikakaa na mimi. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, alichookota kwa mke na mtoto, kwa hiyo nilisema polepole, neno moja moja. Nikamweleza mto. Nikamweleza wale watano, na tawi, na bega. Nilipofika pale baba aliposema msigeuke, aliacha kuchezea kikombe.

Kisha nikamwambia, "Umefundisha watu kusimama hivyo miji mitatu. Leo unataka kuacha kwa sababu mtu mwingine ameshindwa."

Akasema Tonawanda ni kazi nzuri, mtu anarudi nyumbani jioni.

"Ni nzuri," nikamwambia. "Ya namna hiyo nimeifanya Louisville mpaka kiuno kikalia. Asiye na nyingine aishike kwa mikono miwili. Wewe unayo nyingine, na hii ya kiwandani unaiendea kwa aibu. Kazi inayoendewa kwa aibu itakugeuza mgomvi nyumbani kwangu."

Akasema, "Mama, nimefukuzwa mara mbili."

"Umehamishwa. Kufukuzwa nakujua mimi."

Akataja Adela, na shule ya mtoto. Nikamwambia Adela ni mwanangu, hayo nitayasema naye. Kwamba atangulie peke yake. Sisi tutabaki Buffalo mpaka Neema afunge shule, halafu tutatazama kama huko kusini panakalika, na kama hapakaliki atakuwa anakuja na kurudi kama wanavyofanya wanaume wengi. Theluji najua kuizoa kwa koleo, mvulana wa jirani akae anitazame tu. Alichotakiwa kufanya yeye ni kuwapigia wale watu kabla hawajampa mwingine.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea, maana Adela alikuwa amemweleza desturi yetu tangu siku ya harusi. Kumbe alidhani mke wake anamfunikia tu, ili asiumie.

"Mama," alisema. "Miaka yote hii. Wewe si kunichukia?"

Nikainua macho nikamtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwa nikijua. Ana macho ya Neema.

"Ningekuwa nakuchukia," nikamwambia, "ningekutazama."

Akaelewa. Sijui kama aliyaelewa maneno yote, lakini akaelewa, kwa sababu alijifunika uso kwa mikono yake yote miwili, na mikono ile ni mikubwa. Nikamwacha. Mwanaume akilia hapewi maji wala hapewi pole, anapewa nafasi. Baadaye akajipangusa, akapiga ile simu. Aliongea Kiingereza cha haraka, nikasikia anataja miguu.

Alikuwa ameshamaliza, na mimi nimemwekea ugali na maharage mbele yake, nimejiwekea na wangu, pale Adela alipofungua mlango ametoka zamu. Akatuona. Mama yake na mume wake, meza moja, wanakula. Mkoba ukamtoka begani ukaanguka, akashika ukuta.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Vua viatu uje ule. Mume wako anakwenda kazini."